Adabu ya Kumeza Vidonge vya Watu

Baba yangu nusura auawe na adabu. Wazee wenzake, katika miaka ile ya wakimbizi, walihofia majambazi wa barabarani, kipindupindu, na mabomu ya mkono yaliyosemekana kuuzwa kwa bei ya kuku. Baba aliyapita hayo yote salama. Kilichomlaza chini hakikutoka msituni wala hakikuvuka mpaka. Kilikuja mchana kweupe, kimevaa nguo za kanisani, kikapiga hodi, kikapewa kiti.

Ili nieleweke, niseme kwanza jinsi tulivyokuwa tukiwaona wagonjwa kwetu Murusagamba. Huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani ulibeba mkungu wa ndizi, na kama mgonjwa ni mwanamume aliyekwisha anza kukaa kitako, ulibeba kibuyu cha pombe ya ndizi. Pombe ilikuwa na sheria yake. Aliyeileta anaonja kwanza mbele ya watu wote, ili ijulikane kwamba hakutia kitu ndani. Akishaonja yeye, mwenyeji hana tena ruhusa ya kukataa. Kukataa ni kutangaza mbele ya mashahidi kwamba mwenzako ni mchawi. Kuna watu kijijini kwetu ambao hawajasalimiana tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu ya mrija mmoja uliorudishwa mkavu.

Kisha wakaja wakimbizi, nyuma yao yakaja mashirika, na nyuma ya mashirika yakaja malori. Kati ya kupanda maharage na kuyavuna, vilima tulivyokuwa tukichungia mbuzi viligeuka mji wa maturubai ya buluu, mji ulioushinda ule wa Ngara kwa kila kitu isipokuwa miti. Soko la kambini lilikuwa na chochote kilichoshuka kwenye lori kikaota miguu: mafuta ya kula, unga wa njano, mablanketi, na dawa. Kabla ya hapo duka letu liliuza aspirini na dawa ya malaria, basi. Sasa muuza dagaa alikuwa na vidonge vya kila rangi kando ya mizani yake, vimekatwa kwa mkasi kimoja kimoja pamoja na kipande cha karatasi yake ya kung'aa, jina la dawa likibaki nusu kwa mnunuzi huyu na nusu kwa yule.

Mkungu wa ndizi ni mzito. Kidonge kinaingia mfuko wa shati. Mimi nilisomea sosholojia, na profesa wangu alitumia muhula mzima kutueleza jinsi mila zinavyobadilika, lakini hakugusia uzito wa mkungu.

Basi watu wakaanza kuwapelekea wagonjwa vidonge. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, sheria ya pombe ikahamia kwenye vidonge bila mtu yeyote kuitisha mkutano. Mleta kidonge anameza kimoja kwanza. Haumwi popote, amelima tangu alfajiri na bado ana nguvu za kugombana, lakini anameza kidonge cha maumivu, anafungua kinywa kidogo kuonyesha kwamba kimeshuka, kisha anampa mgonjwa cha kwake kwa mikono miwili. Mgonjwa anameza mbele yake. Wanashukuriana. Mazungumzo yanaendelea.

Wakati huo mimi nilikuwa mkalimani wa shirika moja pale Ngara mjini. Nilikuwa na shahada, viatu vya ngozi visivyofaa tope letu, na kadi yenye picha yangu ambayo ilining'inia kifuani hata nilipokwenda kupokea komunyo. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mama mmoja wa Kizungu mwenye chati za karatasi na kuyageuza maneno yake kuwa Kirundi, ambacho kwa mtoto wa kabila letu la Kihangaza si safari ndefu. Wiki ambayo Baba alianguka tulikuwa na somo la matumizi salama ya dawa.

"Waambie wasimeze dawa mbili za maumivu pamoja bila kuuliza," alisema yule mama.

Niliwaambia.

"Waambie wasimpe mtu mwingine dawa waliyoandikiwa wao."

Niliwaambia, kwa msisitizo, mkono mmoja ukiwa hewani. Wakimbizi waliitikia kwa vichwa, wakamaliza soda zao, wakarudi sokoni kwao. Yule mama alinisifu kwamba nina kipaji cha kufikisha ujumbe, nami niliamini.

Baba alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa mtoni, akipeleka ndizi Kabanga. Baiskeli ilipona. Ndizi zilipona. Mbavu za Baba za upande wa kulia hazikupona. Hospitalini walimpiga picha, wakamwambia kwamba mbavu hazifungwi plasta, zinaachwa ziunge zenyewe. Kazi yake ilikuwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa hata kama inauma, mapafu yasije yakaharibika. Ili aweze kukohoa bila kulia wakampa vidonge vyeupe.

Daktari aliona kadi yangu akaamua mimi ndiye wa kuelezwa. Kila kidonge, alisema, kina dawa mbili ndani yake. Moja ni parasetamoli, ile ile ya dukani. Ya pili ni kodeini, ambayo ni ndugu mdogo wa mofini. Ameze kwa saa alizoandikiwa, asizidishe hata kama maumivu yanambembeleza. Asiongezee parasetamoli nyingine, kwa sababu ini haliangalii jina la pakiti. Linaona tu kwamba ile ile imerudi. Asiguse pombe. Akisinzia kupita kawaida asipewe kingine, aletwe. Choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo anywe maji na ale mapapai. Na maumivu yakipungua aachane navyo, maana ndugu wa mofini ni mgeni anayependa kuhamia.

Nilimweleza yote hayo Shangazi. Shangazi ni dada yake Baba, mjane, ambaye tangu Mama alipofariki alihamia kwetu na kuiendesha nyumba kama kituo cha polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Dawa ni hii tu, kwa saa zake. Na asinywe pombe."

Nikarudi Ngara roho yangu ikiwa nyeupe. Shangazi naye aliifuata amri hiyo bila kukosea hata kidogo. Vidonge vya hospitali alivifungia kwenye kopo la majani ya chai, akavitoa kwa saa zake. Ila vidonge vilivyoletwa na wageni havikuwa kwenye amri. Machoni pake, na machoni pa kijiji kizima, dawa ni ile iliyotoka hospitali. Vya wageni havikuwa dawa. Vilikuwa zawadi.

Nilikuja nyumbani Jumamosi iliyofuata. Sebule ilijaa. Baba alikuwa katikati kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi la kambini, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyevunjika mbavu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema baada ya kitambo, kama mtu aliyekuwa akilitafuta neno mfukoni. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wape viti," alisema, akasinzia.

"Usimsumbue," alisema jirani yetu, fundi cherehani, aliyekuwa ameegemea ukuta. "Nimempa cha mstari."

"Cha mstari ni kipi?"

"Cheupe, kina mstari katikati. Hata mimi nimeonja. Bega langu lilikuwa haliumi, sasa haliumi zaidi."

Wageni wakacheka, polepole. Ndipo nilipogundua kwamba wote walikuwa wakicheka polepole.

"Mimi nimemletea cha njano," alisema mke wa jirani wa ng'ambo ya kijito. "Mwanangu anapikia Wazungu kambini. Hiki hawakigawi kwa kila mtu."

"Kinatibu nini, mama?"

"Kinatibu mgonjwa," alisema, akinitazama kwa huruma kwamba nimesoma kote huko na swali langu ndilo hilo.

Vilivyokuwa vinasubiri zamu vilikuwa kwenye bakuli mezani. Nililichukua nikakaa kizingitini, nikaanza kuunganisha vipande vya ile karatasi ya kung'aa, nusu jina hapa na nusu jina pale, ya Kiingereza, ya Kifaransa, mengine ya lugha nisizozijua. Sehemu kubwa ilikuwa parasetamoli iliyobadilisha nguo. Cha mstari kilikuwa parasetamoli na kodeini, sawasawa na cha hospitali. Kidonge kimoja kikubwa cha kijani kilikuwa cha minyoo ya mbuzi, na huyo mbuzi sijui wageni walimwonjea vipi.

Nikasimama mbele yao. Nilijua kila nilichotakiwa kujua, na kila nilichojua kilikuwa kweli. Niliwapa somo zima: ini, pumzi, usingizi, majina mengi dawa moja, dawa ya mtu si ya mwenzake. Nadhani hata mkono ulipanda hewani.

"Kwa hiyo tunamwua," alisema fundi cherehani.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa lugha ya ofisini. Lakini umesema."

Shangazi alinishika mkono akanipeleka jikoni, kama tulivyokuwa tukipelekwa utotoni.

"Umewaita wachawi," alisema.

"Nimewaeleza habari ya ini."

"Ini la nani? Wote wameonja. Mtu ataonja sumu mwenyewe ili akuue wewe? Chuo kikuu ndiko walikokufundisha hivyo?"

"Shangazi, walioonja nao wamelewa. Watazame."

Alichungulia dirishani. Fundi cherehani alikuwa uani anajaribu kupanda baiskeli yake, na baiskeli ilikuwa imeelekea upande mmoja na yeye upande mwingine.

"Yule kweli," alikubali Shangazi baada ya kutazama kwa muda, "yule huwa anapanda vizuri."

Baba alipozinduka jioni nilimwomba avikatae. Alinisikiliza kwa heshima ileile aliyomsikilizia kila mtu: karani wa kodi, mhubiri wa mjini, mbuzi.

"Mtu ametembea kutoka bondeni," alisema. "Amenunua kwa hela yake. Amemeza cha kwake mbele yangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie daktari amekukataza."

"Daktari hamjui. Mimi namjua. Nikipona nitakutana naye kisimani kila siku mpaka nife."

"Ukiendelea kumeza utakufa mapema, hutakutana naye."

"Hilo nalo ni kweli," alisema Baba, akakohoa vibaya, kwa juu juu, kama mtu anayeomba radhi. Aliniahidi kwamba atajitahidi. Nilimjua. Baba kujitahidi kukataa kitu ilikuwa ni kukataa mara moja kwa sauti ndogo.

Siku hizi nina umri karibu na ule aliokuwa nao Baba, na mgongo unaonikumbusha. Katika kundi letu la simu la ukoo, ukiandika kwamba unaumwa unaandikiwa vidonge na watu wanane kabla ya mtu wa kwanza kukupa pole, na binamu yangu mwenye shahada mbili hutuma picha ya kidonge alichobakiza alipong'olewa jino. Kwa hiyo nisionekane ninawacheka watu wa bondeni. Wao angalau walionja kwanza.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta mapapai, kwa sababu choo cha Baba kilikuwa kimegoma kama daktari alivyosema, na habari hiyo ilikuwa imetangazwa kwa kila mgeni pamoja na salamu. Niliporudi nimekumbatia mapapai niliwakuta wazee kwenye kivuli cha ukuta, wametulia mno. Ndani kulikuwa na kibuyu katikati ya sebule. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Baba, anampapasa mashavu.

"Alikataa," aliniambia bila kugeuka. "Mwanzoni alikataa. Wakamwambia wameshaviombea. Wameonja vidonge, wameonja na pombe. Kaka angefanya nini?"

Baba alikuwa anakoroma, lakini haukuwa mkoromo wake. Ulikuja, ukakatika, ukaacha nafasi ambayo mtu angeweza kuvuka mto, halafu ukaja tena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita, nikamfinya sikio. Alifungua macho nusu, akayafunga.

Zahanati haikuwa mbali, lakini mbavu zilizovunjika hazipandishwi baiskeli. Kwetu mgonjwa hubebwa kwenye machela ya kusukwa, wanaume wanne begani, wengine wakipokezana. Shangazi akatoka uani.

"Wabebaji," alisema. "Mlioonja kaeni hapohapo."

Hakuna aliyesimama. Wazee wa kanisa, wanaume wenye mabega waliojenga kanisa lenyewe, waliangalia chini. Mmoja alianza kuinuka kwa heshima, akafikiria upya, akakaa. Shangazi aliwatazama kwa namna ambayo nadhani baadhi yao waliipeleka kaburini. Kisha akaita wake zao.

Kwa hiyo Baba alibebwa na wanawake, jambo ambalo kwetu halikuwahi kuonekana, na tukipita watu walitoka nje kuuliza ni vita gani imewamaliza wanaume. Nilikuwa begani mbele upande wa kushoto, pekupeku, kwa sababu viatu vya ngozi niliviacha kwenye tope la kwanza.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa Biharamulo mjini, wa familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara, babu yake alikuja kutoka pwani na majora ya vitambaa. Alikuwa na Kiswahili laini kiasi kwamba watu wa kwetu hawakutambua wanapogombezwa.

"Mzee wetu ametumia nini, dada yangu?"

Nikamtajia. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jina.

"Na pombe?"

"Kidogo," alisema Shangazi.

"Kidogo ya hapa, shangazi, au kidogo ya kwetu?"

Mganga alimfunua Baba jicho akanionyesha mboni, imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akatazama kifua kwa muda, saa mkononi.

"Kodeini na pombe vimeshikana mikono vinampeleka," alisema. "Mketisheni. Mwiteni, msimwache azame. Akisahau kuvuta pumzi nitamvutia mimi kwa mfuko huu wa hewa. Na pigeni mbio mtafute gari, sindano ya kumwamsha iko hospitali. Hata akiamka lazima aende. Ini halipigi kelele siku ya kwanza."

Kulikuwa na gari la shirika langu kijiji cha pili, linagawa mbegu. Nilimtuma mke wa fundi cherehani, mmoja wa waliobeba, na kadi yangu. Ndiyo safari pekee ambayo kadi ile ilifanya kazi ya maana, na ilifanya ikiwa shingoni mwa mtu mwingine.

Sasa ikabaki kumwita. Nilimwita Baba kwa upole, nikamkumbusha wajukuu, nikamwimbia hata wimbo. Alizidi kuzama. Shangazi alinisukuma kando.

"Kaka," alisema kwa sauti ya kawaida. "Ule mtaro wa mpaka wa shamba ulichimba umepinda."

Jicho moja likafunguka.

"Umenyooka," alisema Baba.

"Umepinda kama mkia wa mbwa. Baba yetu aliuona akanyamaza tu kwa aibu."

"Alisema... umenyooka."

"Alisema vipi? Rudia, sikusikia. Vuta pumzi useme."

Baba akavuta pumzi. Mganga akamwonyesha Shangazi ishara aendelee. Akaendelea. Aliutukana mtaro, akaitukana sauti yake ya kwaya, akawatukana mbuzi aliowatoa mahari. Kila alipozama alimrudisha na tusi jipya, na wake za wazee wa kanisa walimsaidia kwa moyo wote, wakikumbuka mambo ambayo sikujua kijiji kinayakumbuka. Lilipofika gari Baba alikuwa amekasirika, machozi yanamtoka, anapumua.

Hospitalini alichomwa sindano akaamka kabisa, akawa anaumwa kila mahali. Wakamtundikia dripu yenye dawa ya kulinda ini, dawa ambayo ilibidi iazimwe kambini. Walimpima damu tena na tena mpaka wakaridhika. Akatolewa na vidonge vyeupe vichache, kipimo kidogo kuliko cha mwanzo, na daktari safari hii alimweleza Shangazi, si mimi. Alimweleza kwamba cha mgeni ni dawa kama cha hospitali. Shangazi alirudia neno hilo njia nzima.

Majirani wa karibu hawakuja tena na vidonge. Aibu iliwatosha. Lakini aibu haifiki mbali, na nyumbani hatukuwa tumekaa sana ilipoletwa habari kwamba anakuja mkwe.

Mkwe alikuwa baba wa mke wa kaka yangu, mzee wa huko wilaya ya Biharamulo, upande unaopakana na kwetu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Ndoa ya kaka yangu ilikuwa bado changa na ilikuwa na makunyanzi yake. Kwetu humkatalii mkwe kitu. Ukimkatalia mkwe, binti yake anarudi kwao na mizigo. Baba alijua hivyo, Shangazi alijua hivyo, na mimi niliomba ruhusa kazini kwa sababu nilijua hivyo.

Alikuja na baiskeli, kofia mkononi. Tulisalimiana, akaketi, akampa Baba pole ndefu. Kisha akatoa ndani ya koti boksi zima la vidonge, jipya, halijafunguliwa, lenye maandishi ya dhahabu. Nilisoma jina kutoka nilipokaa. Parasetamoli na kodeini.

"Nimeambiwa hivi ndivyo vyenyewe," alisema mkwe.

"Ndivyo vyenyewe," alisema Baba, na alisema kweli.

Mkwe akafungua boksi, akabandua kidonge, akakiweka kiganjani. "Naonja," alisema.

Nilimtazama Shangazi. Shangazi, mwanamke aliyewakalisha chini wazee wa kanisa, alikuwa anatazama sakafu. Kwa mkwe hata yeye hakuwa na cheo. Nilifungua kinywa, na sijui ningesema nini, huenda ningeinua mkono hewani tena.

"Mkwe, ngoja," alisema Baba. "Utarudi leo?"

"Leo hii. Nimeacha ng'ombe mwenye mimba."

"Kwa njia ya mteremko wa mtoni."

"Nyingine ipo?"

"Haipo. Pale ndipo nilipoangukia mimi, na nilikuwa macho." Baba akavuta pumzi, ndefu, kama alivyofundishwa, uso ukamkunjamana. "Ndani ya hicho kuna usingizi, mkwe. Nimeulala, naujua. Wewe uonje usingizi nyumbani kwangu, halafu mimi nikusindikize mpaka kwenye mteremko nikurudishie baiskeli? Watu wa kwenu watasema nilikukaribisha ili nikuue."

Mkwe alikitazama kidonge.

"Lakini nisipoonja siwezi kukupa."

"Huwezi," alisema Baba kwa masikitiko makubwa. "Na usipoonja mimi siwezi kumeza. Tumekwama."

Walikaa wamekwama kwa muda, wazee wawili, kidonge katikati yao. Kisha mkwe akaguna, akakirudisha kidonge kwenye boksi kwa uangalifu, na bega lake likashuka. Nadhani hakuwa na hamu nacho tangu mwanzo.

"Kumbe vilikuwa vinatusumbua wote," alisema.

Shangazi alikuwa ameshafika. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru kwa niaba ya Baba, ya ukoo, na ya marehemu. Alisema litakwenda kwa mganga wa zahanati, ambaye ndiye anayejua nani apewe. Mkwe aliridhika kwamba zawadi yake imepewa ofisi.

Wakaanza kuongea habari ya ng'ombe. Baba alikuwa anatokwa jasho, maana maneno yote yale yalikuwa yamemgharimu mbavu.

"Dada," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Kile changu cha hospitali. Nipe."

Shangazi alichungulia nje. "Saa yake bado. Kivuli cha migomba hakijafika kwenye banda."

"Kimekaribia."

"Kikifika nitakuletea. Kohoa kwanza."

Baba akamgeukia mkwe. "Unaona? Wageni wananipa, nyumbani wananinyima."

Mkwe akacheka, haraka, kama mtu mzima mwenye akili zake. Baba naye akaanza kucheka, akashika ubavu, akamwomba tafadhali asimchekeshe.